Nondo ya 17-4 PH: nimeizamisha kwenye oili na haijakaza, inakuwaje?

FundiKereza_Mza:

Wakuu, habari za kazi. Nina karakana ndogo ya kukereza hapa Mwanza. Kazi zetu ni shafti za pampu, bushi na vipuri vya mashine za kusaga. Kiwanda kimoja cha samaki kimeniletea shafti ya pampu ya maji nitengeneze mpya. Urefu milimita 900, na pale beringi zinapokaa ni milimita 45. Ya zamani ilikuwa stenlesi 304. Imesokoteka kwenye mfereji wa kii hadi inaonekana kwa macho, na iliyokuwepo kabla yake iliishia hivyohivyo.

Safari hii injinia wao kaleta nondo ya milimita 50 iliyogongwa 17-4 PH, naye anasema ni aina ya stenlesi ngumu, pamoja na cheti. Cheti ndicho kinanichanganya. Juu kimeandikwa Condition A, ugumu 34 HRC (kipimo cha Rokweli). Chini kuna mstari mwingine: H900, nguvu ya kukatika 1,390 MPa, ugumu 43 HRC. Nondo moja inakuwaje na ugumu wa aina mbili?

Kijana ninayefanya naye kazi akashauri tuifanye kama En19, kile chuma cha shafti cha kawaida kisicho stenlesi: ipashwe iwe nyekundu, izamishwe kwenye oili. Tukakata kipande cha mwisho wa nondo, tukakipasha kwa gesi hadi kikawa chekundu vizuri, tukazamisha. Tupa inakula kama mwanzo. Halafu inashika sumaku, na jirani yangu hapa anasema hiyo si stenlesi kabisa.

Naomba anayekijua chuma hiki anisaidie. Kinakazwaje? Nikereze kwanza ndipo nikaze, au nikaze ndipo nikereze? Sitaki shafti ya tatu irudi.

VyumaVyote_Moro:

Mkuu, jirani yako yuko sahihi. Stenlesi ya kweli haishiki sumaku. Rudisha nondo kwa injinia kabla hujapoteza muda wako.

MamaTanuri:

VyumaVyote, hilo la sumaku ni kweli kwa 304 na 316, lakini stenlesi si hizo mbili tu. Zile zina muundo wa ndani unaoitwa austeniti, na austeniti ndiyo haivutwi. Stenlesi za martensiti, muundo mwingine ulio mgumu zaidi, zote zinavutwa: 410, 420, 431, na hii 17-4. Sumaku haiwezi kutoa hukumu hapa. Mwenye shaka apime kemia. Wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wana kile kifaa cha mkononi cha eksirei kinachosoma aina za metali. Kikisoma kromi kati ya 15 na 17.5 kwa mia, nikeli kati ya 3 na 5, na shaba kati ya 3 na 5, basi ni yenyewe. Angalia shaba hasa. 410 na 431 hazina shaba ya kiasi hicho.

Sasa kwako Fundi. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha tanuri huku Chang'ombe, na katika vyuma vyote vilivyopita mikononi mwangu hiki nakipenda kuliko vingine, kwa sababu kinamtii mtu mwenye kipimajoto na subira, hata kama hana karakana kubwa.

En19 inakazwa na kaboni. Ina kaboni karibu 0.4 kwa mia, na unapoizamisha ikiwa nyekundu, ile kaboni inanaswa ndani na chuma kinakuwa kigumu. 17-4 ina kaboni isiyozidi 0.07 kwa mia. Ukiipasha iwe nyekundu na kuizamisha kwenye oili, maji, au chochote, unapata martensiti laini, ugumu wa thelathini na kitu, uleule ambao nondo ilikuja nao. Oili yako haina kosa. Chuma hakikuwa na kitu cha kutoa kwa njia hiyo.

Kinachokaza hapa ni shaba. Kule kiwandani wanaipasha nondo hadi karibu nyuzi 1,040 za Selsiasi, shaba yote inayeyuka na kusambaa ndani ya chuma, kisha wanaipoza. Ikipoa, shaba inabaki imenaswa mahali isipopenda kukaa. Hiyo ndiyo Condition A. Ukiirudisha kwenye joto la wastani, kati ya 480 na 620, ukaiacha humo saa kadhaa, shaba inapata nafasi ya kujikusanya kuwa chembe ndogo mno, hazionekani kwa darubini ya kawaida. Chembe hizo zimetapakaa kila mahali na zinazuia matabaka ya chuma yasiteleze juu ya mengine. Hapo ndipo nguvu inapotoka. Muda ukitimia unaitoa na kuiacha ipoe hewani. Hakuna kuzamisha.

Ndiyo maana cheti kina ugumu wa aina mbili. 34 HRC ni nondo uliyonayo mkononi. Mstari wa H900 ni wa kipande kidogo walichokata na kukikaza maabara, ili kukuonyesha nondo inaweza kufika wapi ikipashwa. Ile 1,390 bado hujaipata, ni ahadi. Watu wengi wanafunga shafti ikiwa bado Condition A wakidhani imeshakamilika, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa chuma hiki, kwa sababu ni martensiti isiyotulizwa na ni rahisi kupasuka mahali penye klorini huku inavutwa. Kiwanda cha samaki kinatumia maji ya klorini kusafishia. Usiifunge hivyo.

Na tupa usiitumie kupima. Tupa yenyewe ina ugumu unaopita 60 HRC, kwa hiyo itaila 17-4 hata ikikazwa hadi mwisho wake, ambao ni kama 44. Kipimo ni mashine ya Rokweli. Chuo chochote cha ufundi chenye maabara ya vifaa wanayo. Kile kipande mlichochoma kwa gesi kiwekeni pembeni, hakijulikani tena kiko hali gani. Mkitaka kujaribu, kateni kingine kwenye nondo.

FundiKereza_Mza:

Mama, asante sana, nimeelewa kilichokuwa kinanisumbua. Sasa tanuri. Kuna fundi wa kufunga mota upya hapa jirani ana oveni ya kukaushia vanishi. Pia kuna chuo chenye tanuri la umeme la kuchomea vyungu, lina kidhibiti cha joto, ndani kwenda juu ni futi tatu na nusu. Kipi kinafaa? Na nikaze kwa H900 moja kwa moja ili nipate nguvu zote?

MamaTanuri:

Oveni ya vanishi iache, hizo zinaishia chini kabisa ya joto unalohitaji. Tanuri la vyungu linafaa, na shafti yako ya milimita 900 itaingia ikiwa imesimama wima, ambako ni kuzuri kuliko kuilaza, haitapinda kwa uzito wake.

Kuhusu H900, hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo shafti nyingi zinapoharibika. Zile namba baada ya H ni joto kwa Farenihaiti, Wamarekani wa Armco ndio waliokileta chuma hiki sokoni. H900 ni nyuzi 482 za Selsiasi kwa saa 1. H1025 ni 552 kwa saa 4. H1150 ni 621 kwa saa 4. Kadiri joto linavyopanda, chembe za shaba zinanenepa na kuachana, ugumu unashuka, lakini chuma kinapata uwezo wa kuvumilia mshtuko. Kiwango cha ASTM A564 kinadai H900 ifike angalau 1,310 MPa na 40 HRC. H1025 angalau 1,070 MPa na 35 HRC. H1150 angalau 930 MPa na 28 HRC. Ukitazama safu hiyo peke yake utachagua H900 kila siku.

Tazama safu ya mshtuko. Kwenye jaribio la Charpy, lile la kugonga kipande chenye mkato kwa nyundo ya bembea, kiwango hichohicho kinadai jouli 20 kwa H1025 na 41 kwa H1150. Kwa H900 hakidai kitu chochote. Hawakuandika namba kwa sababu huwezi kuitegemea. Na shafti yako ina mfereji wa kii, ambao ni mkato uliochongwa tayari, kwenye pampu inayowashwa na kuzimwa siku nzima, kwenye maji ya klorini. H900 itakataa kusokoteka kabisa, kisha asubuhi moja itapasuka kutoka kwenye kona ya mfereji.

Chukua H1025. Kikomo chake cha kunyooka na kurudi ni angalau 1,000 MPa. 304 iliyolainishwa inaanzia 205. Ni karibu mara tano, na tatizo lako ni kusokoteka, kwa hiyo umeshalimaliza bila kwenda H900.

Nina swali kabla hujaanza. Ile shafti ya zamani, impela yake ilikuwa inagusa nyumba ya pampu? Nauliza kwa sababu ukakamavu haubadiliki. 304 na 17-4, hata ziwe hali gani, zinapinda kiasi kilekile kwa mzigo uleule, maana moduli zao, yaani kipimo cha ukakamavu, ni karibu GPa 200 zote. Nguvu inayoongezeka ni ile ya kutobaki imepinda. Kama shafti inayumba ikiwa inazunguka, chuma kipya hakitaponya, utatafuta kipenyo kikubwa zaidi au beringi zikaribiane.

FundiKereza_Mza:

Haigusi, mama. Impela ni safi, na beringi zilitoka nzima. Ni kusokoteka tu pale kwenye kii upande wa kapilini.

MamaTanuri:

Vizuri. Basi kazi yako ni hii.

Kereza nondo iwe karibu na kipimo, acha kama milimita 1 kwenye kipenyo. Mfereji wa kii usichonge bado. Osha shafti yote oili ya kukerezea iishe, na usitumie dawa ya kusafishia yenye klorini. Acha ikauke. Isimamishe ndani ya tanuri, halafu funga thamokapo (waya za kupimia joto) mbili za aina ya K zikigusa chuma chenyewe, moja juu na moja chini. Usiamini kioo cha kidhibiti cha tanuri, kile kinasoma joto la hewa mahali pamoja tu, na matanuri ya vyungu yana tabia ya kuwa na joto zaidi juu. Panda taratibu. Saa 4 zinaanza kuhesabiwa thamokapo ya upande wenye baridi ikifika, si pale tanuri linapofika.

Kiwango kinaruhusu nyuzi 8 juu au chini. Ukiona juu 560 na chini 548, usihangaike. Kutoka 552 hadi 579, ambayo ni H1075, dai la nguvu linashuka MPa 70 tu. Chuma hiki kikipita kilele chake kinashuka kwa mteremko wa pole, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda H1025 kwa mtu anayetumia tanuri la kuazima. Pale juu H900 hakuna nafasi kama hiyo.

Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Ukirudi, panda tena hadi 552 na malizia saa zilizobaki. Chembe zilizokwisha kuota hazirudi nyuma.

Ukimaliza pima Rokweli kwenye uso wa mwisho wa shafti. Ukipata kati ya 35 na 38, umefanya kazi nzuri. Ikisoma 40 au zaidi, joto halikufika, irudishe tanurini ikae 552 saa zake zote. Kulainisha zaidi kwa joto la juu unaweza wakati wowote. Kurudi nyuma, kutoka H1150 kwenda H1025 kwa mfano, huwezi bila kuanza upya na nyuzi 1,040, na tanuri la kazi hiyo ni jingine.

Ndipo ukereze kipimo cha mwisho na kuchonga mfereji. Sababu ya mpangilio huu ni kwamba chuma hiki kinasinyaa kinapokazwa. Kwa H900 ni kati ya 0.04 na 0.06 kwa mia, kwa joto la juu zaidi kinasinyaa zaidi. Chukua 0.05: kwenye milimita 45 ni milimita 0.022, na kwenye urefu wa 900 ni karibu nusu milimita. Kiti cha beringi cha 45 kwa k6, kile kiwango cha kubana beringi kwenye shafti, kinatakiwa kizidi kipimo kwa milimita 0.002 hadi 0.018. Ungekereza kila kitu kwanza kisha ukakaza, kusinyaa peke yake kungemeza nafasi yote ya k6 na beringi ingeingia kwa mkono.

Usiogope kukereza 35 HRC. Kwa ncha za kabaidi na mashine isiyotikisika inakatika vizuri, uso unatoka laini kuliko Condition A ambayo inavutavuta. Na tafadhali, kona za chini za mfereji wa kii zisiwe kali. Zipe mviringo, hata wa nusu milimita. Angalia tu kii ikae bila kuugusa.

BinRashid_Maskati:

Assalamu alaykum. Bi Tanuri amesema yote ya msingi, Mungu amzidishie. Mimi niko Oman, kwenye karakana ya vali za visima vya mafuta, na 17-4 ndiyo shina la vali tunayoigusa kila siku. Naongeza jambo ambalo huku limetufundisha adabu.

Ukilazimika kuanza upya na nyuzi 1,040, usiingize kwenye joto la pili mpaka chuma chote kishuke chini ya nyuzi 32. Martensiti ya chuma hiki inaanza kuota kikiwa kwenye 130 hivi, lakini inakamilika karibu na 32. Ukikatiza hapo katikati, sehemu inabaki austeniti ambayo haijageuka, na ugumu hauji. Vitabu vinaandika "kipoe hadi joto la chumba", na waliviandika watu ambao chumba chao kina nyuzi 20. Maskati mwezi wa Juni chumba kina 40 na zaidi. Sisi tunaziingiza kwenye chumba chenye kiyoyozi au maji yaliyopozwa, na tunapima kwa thamokapo katikati ya kipande kinene. Ndugu zangu wa Mombasa na Dar, mwezi wa Februari hamko mbali na hapo, hasa kipande kikipoa kando ya tanuri.

Kwa Fundi wa Mwanza hili limeshafanyika kiwandani, hana la kuhofu.

Na mwenye kazi ya gesi yenye salfa, zile hali zote alizotaja Bi hazimfai. Huko kanuni ya NACE, chama cha wataalamu wa kutu, inataka H1150 mara mbili: nyuzi 621 saa 4, kipoe chini ya 32, kisha 621 tena saa 4, na ugumu usipite 33 HRC. Haidroji ya gesi ile inaingia ndani ya chuma kigumu na kukipasua bila dalili.

PwaniBoti:

Nami nidandie hapohapo. Tunatengeneza boti za uvuvi Tanga. Hii inafaa kwa shafti ya propela kwenye maji ya chumvi?

MamaTanuri:

PwaniBoti, inatumika, lakini kwa masharti. Kinga yake ya kutu iko jirani na 304, haifiki 316. Boti inayotembea kila siku itavumilia. Boti inayofungwa wiki nzima gatini itakula vishimo pale maji yasipozunguka, chini ya bushi ya mpira na ndani ya pakingi. Na kama una vipande vya zinki vya kukinga boti, usitumie H900 hata kidogo. Zinki inapoikinga shafti, haidroji inazaliwa juu ya uso wake, na tumeshasikia kwa Bin Rashid haidroji inafanya nini. H1100 au H1150 ndiyo ya kwako.

Bin Rashid, wa alaykumu s-salaam, na shukrani. Lile la nyuzi 32 linastahili kubandikwa ukutani kwa kila tanuri la pwani.

FundiKereza_Mza:

Nimeongea na chuo, wamekubali Jumamosi. Swali la mwisho, mama. Nati ya impela nayo nitengeneze kwa mabaki ya nondo hiihii? Inafunga moja kwa moja kwenye uzi wa shafti.

MamaTanuri:

Unaweza, ila isiwe hali moja na shafti. Stenlesi juu ya stenlesi ya ugumu uleule zinang'ang'aniana kwenye uzi, na siku ya kufungua utakata nati kwa msumeno. Peleka nati kwenye H1150, ikae 621 saa 4, ishuke hadi kama 30 HRC huku shafti ikiwa 36. Ifanye siku tofauti na shafti, maana joto lake lingeilainisha shafti pia. Uzi uwe safi, uchongwe kwa ncha kali na siyo kwa dai (kifaa cha kukatia uzi) iliyochakaa, na upake grisi ya kuzuia kung'ang'ania iliyoruhusiwa kwa viwanda vya chakula. Injinia wao atakuwa nayo stoo. Kabla ya kukabidhi, gonga H1025 kwenye uso wa mwisho wa shafti na H1150 kwenye nati, ili fundi atakayefuata asipashe kitu kwa kubahatisha.